Rejesho Lisitoke Kwenye Sadaka

Jumatatu moja asubuhi, mchungaji wa kanisa dogo la pembezoni mwa mji alikuja ofisini kwetu kulipa rejesho. Wakati huo nilikuwa afisa mikopo wa SACCOS huku Nyanda za Juu Kusini. Alifungua bahasha ya kaki akamimina mezani sarafu za mia mbili na za mia tano, pamoja na noti za elfu moja zilizokunjwa mara nne, kama watu wanavyozikunja wanapokwenda nazo kanisani. Mkopo wake ulikuwa wa kuku wa nyama. Anayenunua kuku hatoi noti iliyokunjwa mara nne. Nilijua fedha ile imetoka wapi, naye akajua kwamba nimejua. Nikahesabu, nikaandika stakabadhi, akashukuru, akaondoka. Mpaka leo najuta kwamba sikumwomba aketi.

Makala haya nawaandikia wachungaji, wainjilisti na wake zao walio katika hali kama ile. Kanisa ni changa au washirika ni maskini, fungu la kumi halitoshi hata ada ya mtoto mmoja, hakuna dayosisi wala mfadhili anayeleta mshahara mwisho wa mwezi, na mtu ameamua kufanya kazi kwa mikono yake ili huduma isisimame. Neno langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo: mkopo wa biashara ulipwe na biashara. Siku rejesho la kwanza linapotoka kwenye sadaka, umeliingiza kanisa katika deni ambalo halikulisaini.

Kufanya biashara hakumpunguzii mchungaji heshima. Nalisema hili kwa sababu bado wapo washirika wanaonong'ona wakimwona mchungaji wao sokoni. Mtume Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Habari hiyo imo katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Wamoraviani wawili wa kwanza kutumwa ng'ambo kutoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, walikuwa mafundi: Leonard Dober mfinyanzi, David Nitschmann seremala. Walikwenda kisiwa cha Saint Thomas kule Karibi wakitarajia kujilisha kwa kazi zao. Nitschmann alipata kazi ya useremala, lakini Dober hakupata udongo uliomfaa. Kanisa lao ndilo lililofika kwetu Rungwe mwaka 1891. Huwa namkumbuka Dober kila mchungaji anaponiambia anataka kukopa kwa ajili ya biashara aliyoiona inamlipa mtu wa mji mwingine. Ujuzi anao, moyo anao, ila hajauliza udongo wa pale alipo ukoje.

Nami nimekula jasho la kazi ya namna hii. Mama yangu, mke wa mwinjilisti, alitulea watoto saba kwa cherehani moja ya kukanyaga. Hakukopa kuinunua. Alidunduliza miaka miwili kwenye kikundi, na alipokuja kukopa ilikuwa kwa ajili ya vitambaa vya sare za shule mwezi Desemba, kwa kuwa alijua Januari wazazi watakuja. Sikuwahi kusoma kitabu cha mikopo kilichonifundisha zaidi ya hapo: alikopa kwa kitu anachokijua, kwa muda anaoujua, akiwa na wateja anaowajua kwa majina.

Kwa hiyo, mchungaji, usikope ili uanze. Anza na kidogo ulichonacho, hata kama ni elfu hamsini, ukizungushe miezi sita. Miezi hiyo itakufundisha mambo ambayo afisa mikopo hawezi kukufundisha: siku gani za mwezi wateja hawana hela, nani anakopa na halipi, mali gani inaoza, na wewe mwenyewe unapatikana kazini kwa saa ngapi. Mkopo ukija juu ya biashara inayotembea, unaisukuma. Ukija juu ya wazo tu, utaliwa kwanza na nyumba, kisha na msiba, na kitakachobaki ndicho kitakachoitwa mtaji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wachungaji wengi hunijibu kwa tabasamu kisha hawalifanyi: kutenganisha mifuko. Mfuko wa kanisa, mfuko wa nyumba na mfuko wa biashara ni mitatu, kila mmoja na daftari lake. Fedha za kanisa zisiingie kwenye simu yako kabisa. Kama washirika wanatoa kwa simu, namba au Lipa Namba iandikishwe kwa jina la kanisa na ishikwe na mhazini, na watu zaidi ya mmoja waone kilichoingia. Biashara iwe na laini yake. Nyumba ilipwe na biashara kiasi kilekile kila wiki, kama vile unavyomlipa mfanyakazi. Mama mchungaji akihitaji chumvi asiichote dukani bila kuandika, na mchungaji akihitaji nauli ya kwenda kumwona mgonjwa asivute droo ya duka. Nauli hiyo ni ya huduma; iombwe kanisani, na kanisa lisipokuwa nayo, wazee wajue kwamba safari hiyo umejigharamia mwenyewe. Hesabu ya namna hii inawasaidia washirika pia, kwa sababu wengi wao hawajawahi kujua kuhudumiwa kunagharimu nini.

Kuna tatizo ambalo mfanyabiashara wa kawaida halipati kwa ukali huu. Mteja wako ni mshirika wako. Atakuja jioni na mtoto mgongoni, atasema, mchungaji, naomba kilo mbili za unga, nitalipa Jumapili. Utakataaje, nawe Jumapili hiyohiyo utasimama kuhubiri juu ya upendo? Nimeona maduka matatu ya wachungaji yakifa hivyo, na katika yote matatu kilichokufa kwanza kilikuwa uhusiano. Mwenye deni huanza kupita njia nyingine, kisha anahama kanisa. Ushauri wangu ni kwamba mchungaji asiuze mwenyewe. Auze mtu mwingine, mke au kijana wa kuajiriwa, na iwepo sheria iliyobandikwa ukutani, inayojulikana na wote, kwamba duka halikopeshi. Mwenye njaa asaidiwe, na asaidiwe kweli, lakini kwa mfuko wa huruma wa kanisa au kwa fedha yako ya nyumbani uliyoiamua mapema, ilipwe dukani taslimu kama mteja mwingine yeyote. Unga uleule utamfikia mama yule, na mtaji hautapungua.

Namna ya biashara pia iendane na maisha ya mchungaji. Wewe ni mtu wa kuitwa usiku. Misiba haina ratiba. Yule mchungaji wa bahasha ya kaki alikuwa ameleta vifaranga mia tatu, na siku ya tano akaitwa kumzika baba wa mshirika wilaya nyingine. Aliondoka na mkewe, kama ilivyo desturi yetu, akamwachia kijana wa jirani jiko la mkaa. Usiku wa pili jiko lilizimika. Vifaranga wakipata baridi hukimbilia pembeni wakapandana, na walio chini hufa kwa kubanwa. Walirudi wakakuta zaidi ya nusu wamekufa. Habari hii alinisimulia mkewe baadaye sana. Hakuna kifungu cha mkataba wetu kilichouliza nani atakeshea vifaranga mchungaji akiwa msibani, nami nilikuwa nimeidhinisha fomu ile.

Kuku wa nyama wanahitaji mtu wa karibu kila saa katika wiki mbili za mwanzo, na chanjo za kideri na gumboro haziahirishwi kwa sababu kuna mkutano wa injili. Kama huna mtu wa nyumbani anayeijua kazi hiyo, acha. Cherehani inaweza kukungoja. Mti wa matunda unangoja. Mashine ya kusaga haikungoji, ila mwendeshaji mwaminifu anaweza kukushikia. Pikipiki ya mkataba huwa inaonekana rahisi, kwa kuwa kijana anakuletea hesabu kila siku, lakini ajali moja inamaliza mtaji na inaweza kukuachia ugomvi na familia ya mshirika.

Mahindi yanangoja kuliko vyote, na kwa huku kwetu ndiyo biashara ninayowashauri wachungaji wengi waitazame kwanza. Juni na Julai, baada ya mavuno, bei iko chini; kuanzia Januari mara nyingi hupanda. Mahindi yaliyokaushwa vizuri na kufungwa kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mfuko wa nje, hukaa miezi bila dawa kwa sababu dumuzi hukosa hewa. Lakini hata hapa tupige hesabu kabla ya kuomba mkopo, na uweke bei za kwenu badala ya hizi zangu za mfano. Tuseme unakopa 1,000,000 na kununua magunia 20 kwa 50,000 kila moja. Mifuko na usafiri ni 160,000, ambazo umezitoa kwenye akiba yako. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi kwa miezi minane, yaani 160,000. Jumla umeweka 1,320,000. Ukiuza kwa 80,000 unapata 1,600,000, na faida ni 280,000. Sasa geuza: mipaka imefungwa au mavuno ya jirani yalikuwa mazuri, na bei imefika 65,000 tu. Umeuza kwa 1,300,000. Umekula hasara ya 20,000 baada ya kungoja miezi minane, nayo itatoka wapi? Mtu asiyeweza kulijibu swali hilo kwa kutaja fedha yake mwenyewe, bado hajafika wakati wa kukopa. Akanunue magunia manne kwa akiba yake.

Mfano huu unatupeleka kwenye jambo ambalo watu huliruka kwa sababu wanaangalia riba peke yake. Ni muda wa marejesho. Mkopo wa mahindi unaotaka rejesho kila mwezi hauwezekani, kwa sababu mwezi Agosti mahindi yako ghalani na hayatoi hata senti. Kuku wa nyama huuzwa wakiwa na wiki tano au sita. Ukikopa mahali panapodai rejesho la kwanza baada ya wiki moja, ni wazi litatoka mfuko mwingine, na kwa mchungaji mfuko mwingine uliopo karibu ni ule wa Jumapili. Ndiyo maana nasema sadaka huanza kuguswa siku ya kusaini mkataba, hata kama mwenye kusaini ana nia njema kabisa. Omba kipindi cha neema. Benki na SACCOS nyingi zinalijua neno hilo, na halina uhusiano na mahubiri: ni muda wa kuanza kulipa baadaye, mpaka biashara izae. Wakikukatalia, tafuta mkopo mwingine au biashara nyingine. Usiahidi mwezi ambao mali yako haitoi kitu.

Riba nayo uliza kwa maneno haya: ni ya moja kwa moja, au inapungua kadiri deni linavyopungua? Chukua 1,000,000 kwa miezi 12 kwa asilimia 3 kwa mwezi. Ikiwa ni ya moja kwa moja, utalipa riba 360,000. Ikiwa inapungua, kwa marejesho yaliyo sawa kila mwezi, utalipa riba ya 205,000 na ushee. Karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 3. Ongeza hapo ada ya fomu, ada ya kuchakata, bima na faini ya kuchelewa, kisha uulize swali la mwisho ambalo ndilo muhimu kuliko yote: nikipokea kiasi hiki mkononi leo, mpaka nimalize nitakuwa nimelipa shilingi ngapi kwa jumla? Anayekataa kukuandikia jibu, inuka uondoke kwa amani.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kila mkopeshaji hapa Tanzania anatakiwa awe na leseni, kuanzia taasisi mpaka mtu binafsi, na vikundi vya mtaani navyo visajiliwe. Omba kuiona leseni. Si utovu wa adabu. Mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, ya kurejesha kila siku au kila wiki, inawamaliza wachuuzi na inawamaliza wachungaji. Programu za simu zinazokopesha kwa dakika mbili zina hatari nyingine, kwa kuwa baadhi huchukua majina yote yaliyo kwenye simu yako na kuwatumia watu ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni. Fikiria majina yaliyo kwenye simu ya mchungaji ni ya nani.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA au vyovyote mnavyoviita. Kufuli tatu kwenye sanduku, hisa kila wiki, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na faida inagawanywa mwisho wa mzunguko. Mkopo huko ni mdogo, nao udogo huo ni ulinzi. Ukikua, ingia SACCOS, ambako mara nyingi unakopa kwa kadiri ya akiba yako. Na mama mchungaji asisahau mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anaipata kupitia kikundi kilichosajiliwa, kama mwanamke mwingine yeyote wa kata yake, na asipewe nafasi ya mbele kwa sababu ya cheo cha mumewe.

Nawasihi hasa kuhusu dhamana. Wazee wa kanisa wasikudhamini. Mzee aliyeweka ng'ombe wake kwa ajili ya deni lako hawezi tena kukuonya kwa uhuru, na kanisa lenye mchungaji asiyeonywa liko hatarini hata kama hesabu zake ni safi. Wewe nawe usiwadhamini washirika. Kitabu cha Mithali kina maonyo mazito juu ya mtu anayejifunga kwa deni la mwingine. Kiwanja cha kanisa, vyombo vya muziki, viti, visiwekwe rehani hata kwa siku moja, hata kama hati imeandikwa jina lako kwa sababu ndiwe uliyeanza. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke, na sheria ya ardhi inalitaka hilo. Mwambie ukweli wote kabla hajasaini. Katika kikundi kilichomo kanisani, mchungaji awe mwanachama tu. Asiwe mwenyekiti wala mshika ufunguo, na akichelewesha rejesho apigwe faini ileile.

Kwa makanisa na marafiki wa ng'ambo wanaotaka kusaidia, nina maneno machache. Fedha inayokuja kwa jina la mkopo kutoka kwa mtu anayejulikana kama mfadhili, watu huipokea kama zawadi, na sioni sababu ya kuwalaumu. Ikiwa ni zawadi, semeni ni zawadi. Ikiwa ni mfuko wa kuzunguka, usishikwe na askofu wala kiongozi yeyote anayepanga wachungaji vituo, maana nani atamdai rejesho bila hofu, na nani atakataliwa mkopo bila kuhisi ameadhibiwa? Nimependa njia ya shirika la Five Talents, lililozaliwa kwenye mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth mwaka 1998. Huko Burundi limefanya kazi na Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana, kusoma na kuandika kukienda pamoja na kuweka akiba. Mtu anajifunza kusoma daftari la deni lake mwenyewe.

Na wewe ambaye unasoma haya ukiwa umeshakwama? Usikope kwingine ili ulipe hapa. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, ukiwa na daftari lako, uombe mkopo upangwe upya. Mkopeshaji mwenye leseni anapendelea kulipwa polepole kuliko kunadi vyombo, na anayekuja mapema husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Kisha waite wazee wako uwaambie. Hilo ndilo gumu, najua.

Mwezi wa nne, mchungaji wa bahasha ya kaki alikuja mikono mitupu. Safari hiyo nilimwomba aketi. Kamati ilimwongezea miezi kumi, akauza vyombo vya kulishia na vya kunyweshea kuku. Juma hilohilo alikaa na wazee wake. Alinisimulia kwamba mzee mmoja aliuliza swali moja tu: na ile Jumapili tuliyochangia bati? Akajibu kwamba nayo. Walinyamaza muda mrefu, kisha wakakubaliana aandike deni la pili kwenye daftari la kanisa, alilipe kidogo kidogo baada ya kumaliza letu, na kuanzia siku hiyo sadaka ihesabiwe na watu watatu. Alilipa yote mawili kwa mahindi, magunia sita, kisha tisa, bila kukopa. Bati zilipandishwa Oktoba ya mwaka wa tatu, kabla mvua hazijaanza.